Kampuni za magari ya kifahari ya mbio ziingieje kwenye umeme bila kupoteza kinachowafanya watu wazinunue?

#1. Mkonge wa Pongwe

Wakuu, salaam kutoka Tanga.

Mijadala yetu ya magari ya umeme huishia kwenye bei ya petroli, bajaji za kuchaji na uhakika wa umeme wa TANESCO, na hayo ni mambo ya msingi kwa mtu anayejaza tangi kwa fedha zake mwenyewe. Hata hivyo upo upande wa soko ambako mteja hajali kabisa bei ya lita moja ya mafuta, na ni huko ambako umeme umekwama kwa namna inayostahili kutafakariwa. Ninazungumzia magari ya kifahari ya mbio: Ferrari, Lamborghini, Porsche, Bugatti na wenzao. Naomba tujadili kampuni ya aina hiyo iingieje kwenye umeme, au kama kuna haja ya kuingia kabisa.

Tuanze na Porsche, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kwa ujasiri. Mwaka 2019 ilizindua Taycan, gari la umeme tupu lenye mfumo wa volti 800 wakati washindani wengi walikuwa kwenye volti 400, na lenye gia mbili kwenye ekseli ya nyuma, jambo lililo nadra katika gari la umeme. Mwaka 2021 ziliuzwa Taycan 41,296, zikaipita hata 911 ambayo ndiyo roho ya kampuni hiyo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2024, mauzo yalikuwa 20,836, yaani takriban nusu ya mwaka uliotangulia, na Septemba 2025 Porsche ikatangaza kuahirisha baadhi ya magari yake ya umeme na kuzirefushia maisha injini za mafuta. Ubora wa gari haukushuka. Kwa hakika lilikuwa limeboreshwa mwaka huohuo wa 2024.

Kwa maoni yangu kilichoshuka ni thamani ya kasi yenyewe. Katika enzi ya injini, kasi ilitafutwa kwa jasho la wahandisi: silinda 12, vali, njia za hewa, gia zinazobadilika kabla hujapepesa jicho, ndiyo maana walioweza kutengeneza gari la nguvu farasi 700 likadumu barabarani walikuwa wa kuhesabika. Mota ya umeme hutoa msukumo wake wote tangu gari likiwa limesimama, na anayetaka nguvu zaidi huongeza mota na betri. Matokeo yake Xiaomi ya China, ambayo sisi huku tunaijua kwa simu, mwaka 2025 iliingiza sokoni SU7 Ultra yenye nguvu farasi zaidi ya 1,500 kwa yuani 529,900, bei ambayo kwa Ferrari haikupatii hata gari la chini kabisa katika orodha yake. Ikiwa kasi inapatikana kwa mtengeneza simu, tajiri wa Milano au Dubai analipia nini anapokwenda Maranello, nyumbani kwa Ferrari?

Anayeonekana kulijibu swali hilo kwa vitendo ni Mate Rimac wa Kroatia. Huyu ndiye aliyejenga Nevera, gari la umeme lenye nguvu farasi 1,914, kwa mpango wa kutengeneza magari 150 tu. Mwaka 2024 alikiri hadharani kwamba wateja wa tabaka hilo hawavutiwi na gari la umeme kama ilivyotarajiwa mwanzoni, akatoa mfano wa saa za mitambo, ambazo watu huzinunua kwa fedha nyingi ilhali saa ya betri hutunza muda vizuri zaidi. Mwezi Juni mwaka huohuo Bugatti, ambayo sasa iko chini ya uongozi wake, ilizindua Tourbillon yenye injini ya silinda 16, lita 8.3, isiyo na turbo, ikisaidiwa na mota 3 za umeme. Mtu aliyeujua umeme kuliko karibu wote katika biashara hiyo ndiye aliyerudi kwenye injini.

Msimamo wangu ni kwamba kampuni ya namna hii iweke gari la umeme pembeni ya injini, kwa idadi ndogo, likiwa na sababu zake lenyewe za kuwepo, na isithubutu kulinadi kwa sekunde za kufika kilomita 100 kwa saa, kwa kuwa katika shindano hilo imeshapitwa. Ferrari wanaelekea huko. Juni 2022 walisema ifikapo 2030 asilimia 40 ya aina za magari yao yatakuwa ya umeme tupu. Oktoba 2025 wakapunguza hadi asilimia 20, na injini za mafuta pamoja na haibridi (injini na mota ya umeme kwa pamoja) zikapewa asilimia 40 kila moja. Nakaribisha wanaopinga.

#2. Fundi wa Ngamiani

Ndugu Mkonge, umeandika vizuri, lakini umeligusa jambo lenyewe kwa juu juu. Kasi ni sehemu ndogo ya kinachouzwa. Mtu anayenunua gari la aina hiyo ananunua kitu anachoamini kitakuwa na thamani hata baada ya miaka 40, na hapo ndipo betri inapoharibu hesabu.

Sisi mafundi tunaoshughulika na haibridi zilizotumika kutoka Japani tunalifahamu tatizo hili kwa mikono yetu. Gari linashuka bandarini likiwa safi, bodi haina mkwaruzo, viti kama vipya, lakini seli za betri zimechoka kwa sababu seli huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Joto huongeza kasi ya kuzeeka, na kukaa muda mrefu likiwa limejaa chaji kabisa, au limeisha kabisa, huongeza zaidi. Sasa tazameni maisha ya gari la kifahari: linaendeshwa mara chache sana kwa mwaka, muda uliobaki limefunikwa turubai kwenye banda la mwenyewe. Kwa injini hayo ni maisha mepesi yanayohitaji kubadilisha oili, mipira na mikanda kwa wakati. Kwa betri ya lithiamu huko ndiko kuzeeka bila faida.

Ferrari ya mwaka 1960 ikipasuka bloku leo, yupo fundi wa kusubu nyingine, na kampuni yenyewe ina idara ya Classiche inayokarabati na kutoa hati za uhalisi kwa magari ya zamani. Chuma hakina siri. Ukiwa na vipimo na mashine ya kukereza, unakitengeneza upya. Seli ya betri ni kemia, na kiwanda kilichoitengeneza mwaka huu hakitaendelea kuitengeneza ileile baada ya miaka 30, kwa sababu kitakuwa kimeshahamia kwenye kemia nyingine. Programu inayoisimamia betri nayo imefungwa kwa namna ambayo fundi wa nje hawezi kuingia.

Jambo linalonifariji kidogo ni kwamba Ferrari wameanza kulielewa. Mwaka 2024 walitangaza mpango wa dhamana kwa haibridi zao ambao mteja anayelipia anabadilishiwa betri gari linapofikisha mwaka wa 8, kisha tena mwaka wa 16. Ningekuwa mshauri wa kampuni yoyote ya namna hiyo, ningeanzia hapo kabla ya kuchora hata mstari mmoja wa bodi: betri ifunguke, moduli zitoke moja moja, na kampuni iahidi kwa maandishi kwamba nafasi ile ile itapokea seli za kizazi kijacho.

#3. Mkazi wa Chongoleani

Naomba radhi kwa kuuliza, wakuu. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapa kwetu Chongoleani, na nyinyi mnajadili Ferrari ya umeme ambayo hakuna hata mmoja wetu atakayeigusa. Mjadala huu unatuhusu nini?

#4. Mkonge wa Pongwe

Unatuhusu kwa njia mbili, ndugu yangu. Kwanza, teknolojia ya magari ghali hushuka hadi kwetu baada ya miaka kadhaa kupitia magari yaliyotumika, kama zilivyoshuka turbo, gia za kompyuta na haibridi anazozishughulikia Fundi hapo juu. Pili, mjadala wa jambo lisilo letu unaturuhusu kufikiri bila jazba ya bei ya mafuta. Kuhusu bomba, mafuta yale yanakwenda melini kuuzwa nje. Hayangetuhusu zaidi hata kama Ferrari zote zingebaki na injini.

#5. Binti wa Chumbageni

Nashukuru kwa uzi huu. Mimi kazi yangu ni hesabu za fedha, kwa hiyo mniruhusu niliangalie suala hili kwa upande wa biashara, kwani naona mnaziweka Porsche na Ferrari kapu moja ilhali tofauti yao ndiyo kiini cha jibu.

Mwaka 2024 Porsche ilikabidhi magari 310,718 duniani kote. Ferrari ilikabidhi 13,752. Kampuni ya kwanza inategemea wingi, ina viwanda vinavyopaswa kujaa, na inamtegemea mteja wa China ambaye mwaka huohuo alipunguza manunuzi yake ya Porsche kwa asilimia 28, kwa sababu mbalimbali ikiwemo magari ya umeme ya nyumbani kwake yenye skrini, programu na kasi kwa bei ya chini. Kampuni ya pili inaishi kwa uchache. Foleni ya wateja wake ni mali, na inailinda kwa nidhamu kali. Hata Purosangue, gari lao la milango minne lililotoka 2022 na ambalo soko lingelinunua kwa wingi, wameliwekea kikomo cha asilimia 20 ya uzalishaji.

Kwa hiyo kuanguka kwa Taycan hakuthibitishi kwamba tajiri hataki umeme. Kunathibitisha kwamba gari la umeme lililouzwa kwa makumi ya maelfu, likawa na toleo jipya lenye betri bora kila baada ya muda, hupoteza bei mkononi mwa mnunuzi wa kwanza kama simu inavyopoteza. Mtu aliyelipa fedha nyingi kwa Taycan ya 2020 ameona ya 2024 ikienda mbali zaidi na kuchaji haraka zaidi. Mwenye 911 ya 2020 hana sababu ya kuhuzunika kwa kutoka kwa mpya.

Kuna na suala la sheria, ambalo Ndugu Mkonge hakulitaja. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni kwamba magari mapya yanayouzwa kuanzia 2035 yasitoe kabisa hewa ya ukaa. Mwaka 2023 Ujerumani ikasukuma ziachwe njia kwa magari yatakayotumia mafuta ya kutengenezwa maabara, ambayo Porsche yenyewe imewekeza kwenye kiwanda chake cha majaribio huko Haru Oni, Chile. Desemba 2025 Tume ya Ulaya ikapendekeza lengo lenyewe lishushwe kutoka asilimia 100 hadi 90. Kampuni iliyopanga kila kitu kwa kuamini tarehe ya 2035 imejikuta na viwanda vya umeme na wateja wanaoomba injini. Ferrari walikuwa waangalifu kuliko walivyosifiwa: jengo jipya walilolifungua Maranello Juni 2024 limekusudiwa kuunganisha injini za mafuta, haibridi na umeme chini ya paa moja, ili uzalishaji ufuate mteja anakokwenda. Kwangu mimi huo ndio uamuzi mkubwa kuliko gari lenyewe, ingawa magazeti ya magari hayakuupa nafasi ya kutosha.

Nakubaliana na Fundi kuhusu betri, ila namwongezea kwamba mpango wa kubadilishiwa betri mwaka wa 8 na wa 16 una gharama, na anayeilipa ni mteja. Kwa gari la kawaida hilo lingekuwa kosa la biashara. Kwa mteja huyu ni njia ya kumfunga na kampuni, naye atalipa akiwa na furaha mradi gari lisidondoke bei.

#6. Mzee wa Raskazone

Wanangu, nimewasoma wote na nimefaidika. Mimi niliendesha malori ya mkonge enzi hizo, na natoa hoja moja tu ambayo naona mmeipita: mlio.

Dereva wa injini haendeshi kwa macho peke yake. Sikio linamwambia lini abadilishe gia, lini injini inazidiwa, lini tairi linateleza. Gari la umeme humnyima habari hizo, na ndiyo maana kampuni nyingine zimeweka spika zinazocheza sauti iliyorekodiwa, jambo ambalo mimi naliona ni kama kumdanganya mwenye nyumba ndani ya nyumba yake. Hyundai walikwenda mbali zaidi. Ioniq 5 N ya mwaka 2023 inaigiza hadi mshtuko wa kubadilisha gia ambazo hazipo. Nakiri kwamba vijana wanasema linafurahisha.

Ferrari, katika maelezo waliyotoa Oktoba 2025 kuhusu gari lao la umeme, walichagua njia nyingine. Waliweka kihisi kinachoshika mtetemo halisi wa mitambo inayozunguka, kisha sauti hiyo ikakuzwa, na wao wenyewe wakalinganisha na gitaa la umeme: waya unatetemeka kweli, kikuza sauti kinaupa nguvu. Sisi watu wa Tanga mfano huo hauhitaji kufafanuliwa. Black Star walipoingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu hapa mjini, wapo waliosema huo si muziki tena, kwamba taarabu ni udi, ganuni na fidla. Lakini kidole cha mpigaji kilikuwa kikigusa waya wa kweli, na akikosea ulisikia amekosea. Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba mlio wa gari la umeme unakubalika endapo dereva akikosea atasikia amekosea.

#7. Mkonge wa Pongwe

Shikamoo mzee wangu. Kigezo chako nimekipenda kuliko vyote vilivyoandikwa humu, na naomba nikitumie kwenye mambo mengine mawili, uzito na joto.

Gari hilo la Ferrari lina betri ya uniti 122 (kilowati-saa), kama tunavyozihesabu kwenye LUKU. Kwa kulinganisha tu, nyumba iliyo kwenye ile ruzuku ya matumizi madogo hairuhusiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi mzima; chaji moja ya gari hili inaipita mbali. Kwa msongamano wa nishati (nishati kwa kila kilo) waliotaja wenyewe, betri hiyo ina zaidi ya kilo 600, na gari zima linafika takriban kilo 2,300. Haibridi yao ya 296 GTB, bila vimiminika, ina kilo 1,470. Chanzo cha tofauti hii hakijabadilika tangu mwaka 1900, wakati Ferdinand Porsche alipoonyesha Paris gari lililokuwa na mota ndani ya magurudumu ya mbele na betri ya risasi yenye uzito wa zaidi ya kilo 400. Kilo moja ya petroli ina takriban uniti 12 za nishati, na seli nzuri ya lithiamu ya leo ina kama robo uniti kwa kilo. Hata ukikubali kwamba injini hupoteza sehemu kubwa ya nishati yake kwa joto, pengo bado ni kubwa.

Uzito huo unaweza kufichwa. Mota 4, moja kwa kila gurudumu, zinaweza kugawa msukumo mara nyingi kwa sekunde hadi gari zito likate kona kama jepesi, na nadhani hapa ndipo kampuni ya mbio ina ujuzi ambao mtengeneza simu hawezi kuununua haraka: kujua gurudumu gani lipewe kiasi gani, wakati gani, ili dereva ahisi uamuzi ni wake. Huo ndio ufundi unaostahili kuuzwa. Nguvu farasi elfu moja na ushei walizozitangaza hazina habari mpya.

Joto ni gumu zaidi kulificha. Gari la umeme likizungushwa kwenye uwanja wa mbio kwa nguvu zote, seli na mota hupata joto, na kompyuta hupunguza nguvu ili kuzilinda. Baada ya mizunguko michache dereva anapewa pungufu ya alicholipia, na kisha husubiri chaji. Mwenye injini hujaza tangi kwa dakika chache akarudi. Kwa sababu hii naona gari la umeme la kampuni hizi litakuwa la barabara ndefu, la watu wanne na mizigo yao, na yale madogo ya viti viwili yatabaki na injini kwa muda mrefu. Lamborghini nao walipochora gari lao la umeme, Lanzador ya 2023, walilichora refu lenye viti vya kutosha familia, na bado mwaka uliofuata wakalisogeza mbele hadi 2029. Haibridi yao ya Revuelto, yenye silinda 12 na betri ndogo ya uniti 3.8, iliendelea kuwa na foleni ya wateja.

#8. Fundi wa Ngamiani

Mimi na mzee tumekubaliana, na kwa uniti za LUKU umenichekesha. Lakini bado sijajibiwa jambo langu: nani atakayeruhusiwa kulifungua gari hili likiwa na miaka 30? Kama ufunguo wa programu utabaki Maranello peke yake, basi mwenye gari hajanunua gari, amekodishiwa. Kampuni iweke hati za umeme kwenye kumbukumbu zake kama inavyoweka michoro ya injini za zamani, na iwape mafundi wenye vyeti.

#9. Binti wa Chumbageni

Ndugu Fundi, jibu la swali lako litaonekana kwenye minada kabla halijaonekana kwenye hati. Ferrari walipanga kuanza kukabidhi gari lao la umeme mwishoni mwa 2026, na kwa kawaida mwenye gari jipya la kampuni hiyo hutarajiwa asiliuze mapema. Magari ya kwanza yatakapofika kwa mmiliki wa pili, tutazame yanauzwa kwa bei gani ukilinganisha na haibridi za mwaka huohuo zilizotembea kilomita zilezile. Yakishikilia bei, maana yake wanunuzi wameiamini ahadi ya betri. Yakianguka kama Taycan, hata ile asilimia 20 ya 2030 itapunguzwa tena, na sidhani kama wakurugenzi watasubiri mkutano mwingine wa wawekezaji ili waseme hivyo. Kwenye mkutano ule wa Oktoba 2025, walipoishusha hadi 20, hisa zao zilishuka kwa takriban asilimia 15 kwa siku moja, kwa sababu kubwa ya makadirio ya mapato, na wameshaonja ladha yake.